Masikio ya Jaji

Ndugu zangu, haya ninayowaeleza yalitokea nyumbani kwa dada yangu wa tumbo moja, nami nilikuwemo. Msidhani najitoa.

Jumamosi moja alasiri nyumba ilikuwa imetulia. Dada alikuwa jikoni akimenya vitunguu, mimi nakunja nguo, na mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye mama yake humwacha pale akienda kazini, amelala kwenye mkeka. Sebuleni alikaa shemeji yangu, fundi mitambo mstaafu wa studio. Kwa miaka thelathini aliwarekodi waimbaji, na kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kunasa sauti iliyopinda hata kidogo, watu walimbandika jina la Masikio. Ndiyo maana kila mwaka aliitwa kuwa mmoja wa majaji watano wa tuzo ya albamu bora ya muziki wa R&B. Tuzo yenyewe unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, lakini mwimbaji akiipata, waliokuwa hawapokei simu zake wanaanza kumpigia wao.

Siku hiyo shemeji alivaa hedifoni iliyochomekwa kwenye redio, daftari la alama mapajani, anatikisa kichwa taratibu. Mara umeme ukakatika. Feni ikasimama. Friji ikanyamaza. Redio ikazima taa zake zote.

Shemeji akaendelea kutikisa kichwa.

Dada alitoka jikoni na kisu mkononi, akasimama mbele yake. "Mume wangu, unasikiliza nini?"

Akavua hedifoni. "Ee? Chakula tayari?"

Dada aliketi chini pale pale. Ndipo mzee aliposema ukweli, macho yake hayatoki kwenye midomo ya mkewe. "Mwaka wa pili sasa. La kulia limekufa. La kushoto nasikia kama mtu anaongea ndani ya mtungi."

"Twende hospitali Jumatatu."

"Nikienda, kesho yake mji mzima unajua. Masikio hana masikio! Watanicheka mpaka kaburini. Ngoja tuzo ipite, halafu nitakwenda."

Dada akanigeukia. "Na wewe, chunga mdomo wako."

Nikauchunga. Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu.

Kuanzia siku hiyo dada ndiye aliyesikiliza. Albamu ishirini na nne zilitakiwa kupewa alama ndani ya wiki tatu, na yeye muziki wake ulikuwa ule wa harusini tu. Mume anauliza, mke anajibu.

"Besi ikoje?"

"Besi ndiyo ipi?"

"Ile inayokugonga kifuani."

"Haijanigonga."

Basi, albamu inapata alama nne kati ya kumi. Mtu kakesha miaka miwili studio, kazi yake inahukumiwa namna hiyo.

Nyumba ikawa haina raha. Simu ikiita, moyo unaruka. Dada alipokea yeye: "Yuko bafuni." Alikuwa bafuni mara nyingi kiasi kwamba mwenyekiti wa majaji, mtangazaji wa redio, aliuliza kama mzee ana tatizo la tumbo. Mgeni akija, dada anakaa karibu na mumewe na kumkanyaga mguu kila anapotakiwa kucheka. Mimi nilianza kuota nimeropoka. Dada alikonda, na masikio yake mwenyewe yakawa yanavuma.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilirudi kutoka sokoni nikakuta geti limefungwa komeo kwa ndani. Kabla sijabisha, nikasikia mtoto analia. Hakikuwa kilio cha kudeka. Niligonga kwa kiganja, nikagonga kwa jiwe. Nikapiga simu ya dada, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mtoto alikuwa anaita, "Babu! Babu!" na sauti inapungua.

Fundi wa kuchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara alikuja na mtaimbo, akang'oa komeo.

Nawaambia nilichokiona. Dada alikuwa chumbani, hedifoni masikioni, amefumba macho ili asikie vizuri. Shemeji alikuwa sebuleni, mgongo ameuelekeza jikoni, anafungua ukurasa wa gazeti. Hatua sita nyuma yake, mjukuu alikuwa sakafuni chini ya meza. Alikuwa amevuta waya wa birika la umeme, na maji ya moto yamemmwagikia kuanzia bega mpaka mkononi.

Hospitalini daktari alimuuliza shemeji, "Umepita muda gani tangu aungue?"

Shemeji akajibu, "Miaka mitatu."

Daktari akamtazama. Akazunguka nyuma yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nyumba inaungua." Shemeji hakugeuka.

Binti yao alikuwa mlangoni, bado na sare ya kazi. "Tangu lini, baba?" Akamgeukia dada. "Tangu lini, mama?"

Dada alilia.

"Mlijua," alisema binti. "Mlijua wote, na kila asubuhi mlinipokea mtoto mlangoni mkinichekea."

Kesho yake shemeji alikwenda mwenyewe kwa majaji wenzake akaweka daftari mezani, akaeleza yote. Alama zake zilifutwa, akatafutwa jaji mwingine. Lakini mwenyekiti alimwandikia swali moja kwenye karatasi: *Na mwaka jana?*

Mwaka jana mshindi alipita kwa alama mbili tu. Shemeji alikiri kwamba alitoa alama kwa kutazama picha za majalada.

Aliyekosa kwa alama hizo mbili tulimkuta dukani akiuza rangi za nyumba. Nilimsindikiza shemeji. Alieleza yote, kofia mkononi. Yule mwimbaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea ili midomo yake ionekane, akasema polepole, "Kukusamehe, nimekusamehe, mzee. Ila tangu siku ile sijaimba tena, hata peke yangu."

Mteja akaita, akaenda kumchanganyia rangi.

Mtoto alipona, lakini mkono wake haunyooki wote. Binti amempeleka kwa mlezi mwingine, na huja kutusalimia mara moja moja, bila kukaa. Shemeji amewekewa kifaa sikio la kushoto. La kulia halitarudi. Daktari alisema angewahi, angalau sehemu ingeokolewa.

FUNZO

Ugonjwa si aibu. Macho, masikio, kumbukumbu, vyote vinachoka, na anayetangulia kusema ndiye anayetangulia kutibiwa. Uliyekabidhiwa kupima kazi ya wengine, siku usipoweza tena, simama uondoke. Cheo chako si kikubwa kuliko jasho lao. Na nyinyi mlio karibu naye, mke, mume, shemeji kama mimi, msidanganyike kwamba kumfichia ni kumpenda. Nilinyamaza wiki tatu nikijiona mtu wa siri. Mkono wa yule mtoto unanidai neno moja ambalo nilipaswa kulisema Jumamosi ile.