Mama Aliyekanwa Mlangoni

Ndugu zangu, tulieni niwaambie yaliyompata Angeline wa Kanyakine. Nawaambia hasa ninyi mnaoishi na wazazi walioanza kupoteza kumbukumbu, kwa maana jambo hili lingeweza kutokea katika nyumba yoyote.

Jumamosi ile ilianza kwa utulivu. Jua lilikuwa limefika barazani, na Karambu, mama mzee wa miaka themanini na moja, alikuwa akichambua maharagwe kwenye uteo huku akiimba wimbo wa kanisani kwa Kimeru. Ndani ya nyumba, binti yake Angeline alikuwa akipanguza vumbi kwenye picha zake. Angeline aliuza mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, lakini moyo wake ulikuwa kwenye sanaa. Palipokuwa na maonyesho, iwe Meru, Embu au Nairobi, alikwenda, akaongea na wachoraji, akarudi na kazi moja ameikumbatia kama mtoto mchanga. Kuta za sebule yake zilikuwa zimejaa. Hilo si kosa, wala sijaja kusema kwamba picha ni dhambi.

Mara simu ikalia. Alikuwa Kawira, mwanamke aliyemtunza Karambu.

"Dada, leo sitaweza kuja. Tumefiwa huku kwetu."

Angeline alimpa pole, akakata simu, akatazama barazani. Mama yake hakuweza kuachwa peke yake. Mara mbili mwaka huo alikuwa ametoka akitafuta boma la baba yake, mtu aliyezikwa miaka hamsini iliyopita. Na siku hiyo kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Meru. Angeline alikuwa amealikwa kwa jina, atambulishwe mbele ya wageni kama mkusanyaji wa sanaa.

"Mama, vaa koti. Tunaenda mjini."

"Tunaenda kanisani?"

"Eeh, kanisani," Angeline akadanganya.

Walipofika kwenye ukumbi, alimkalisha mama yake kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akampa chupa ya maji na ndizi mbili. "Usitoke hapa. Narudi sasa hivi." Kisha akaingia.

Ndani kulikuwa na kazi ambazo macho yake hayakuwa yamewahi kuona. Kijana mmoja wa Embu, Gachoki, alikuwa ameshona magunia ya kahawa yaliyochakaa yakawa kitambaa kikubwa kilichofunika ukuta mzima, na ukikitazama kwa mbali unaona mlima na mvua. Angeline alisahau saa. Carol, msimamizi wa maonyesho aliyetoka Nairobi, akamshika mkono na kumzungusha kwa wageni. "Huyu ndiye Angeline, mkusanyaji wetu wa hapa Meru." Watu wakamtolea heshima. Akasikia amekuwa mtu.

Hapo ndipo sauti ya kizee ikapasua ukumbi.

"Nani ameacha magunia yaloe hivi? Mvua itaharibu kahawa!"

Karambu alikuwa ameingia. Alikuwa amesimama mbele ya kazi ya Gachoki, akiyavuta magunia yale ayashushe ukutani. Wageni wengine wakacheka. Askari wa mlangoni, Ndwiga, akaja mbio.

"Madam," akamuuliza Angeline, "huyu shosho mko pamoja?"

Angeline aliona macho yote yamemgeukia. Aliona koti la mama yake lililofungwa vifungo visivyolingana, na ganda la ndizi mkononi mwake.

"Hapana," akasema. "Simjui."

Ndwiga akamshika mzee kwa upole, akatoka naye. Karambu hakubisha. Aligeuka mara moja tu, akamtazama binti yake, kisha akaenda. Carol akaendelea na mazungumzo, naye Angeline akatabasamu. Alijiambia atamfuata mama yake baada ya hotuba. Hotuba ikawa ndefu.

Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu.

"Yule mama yuko wapi?"

"Nilimfungulia geti," Ndwiga akajibu. "Alisema anaenda kwao."

"Ukamwacha aende? Ni mama yangu!"

Ndwiga akamwambia, "Lakini nilikuuliza, madam."

Jamani, sijui kama mmewahi kuogopa namna ile. Angeline alikimbia barabarani akiwa ameshika viatu mkononi. Aliuliza wenye tuk-tuk, aliuliza bodaboda, aliuliza wamama wa viazi kule sokoni Gakoromone. Kila mmoja alimuuliza swali lilelile: "Una picha yake?" Akafungua simu. Kulikuwa na mamia ya picha za michoro, zimepigwa kwa mbali na kwa karibu, hadi sahihi za wachoraji. Ya mama yake ilikuwa moja tu, ya Krismasi, na ndani yake alionekana bega na nusu ya kitambaa cha kichwa.

Kwenye kituo cha polisi, ofisa akachukua kalamu. "Alikuwa amevaa kitambaa cha rangi gani?"

Angeline akafungua kinywa. Aliweza kutaja kila rangi iliyokuwa kwenye yale magunia. Kitambaa cha mama yake hakukikumbuka.

"Cha kijani," akasema. "Ama bluu. Sijui, afande. Sijui."

Saa tisa mvua ikaanza kunyesha. Mwendesha bodaboda mmoja aliyekuwa ameachiwa namba akapiga simu: kuna mama mzee amegongwa na gari, amepelekwa hospitalini. Angeline alifika huko mbio. Muuguzi akamwongoza hadi kwenye kitanda cha mama aliyefunikwa shuka hadi usoni. Alisimama hatua tatu nyuma, akashindwa kusogea. Alimwomba Mungu asiwe yeye, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu alikuwa anaomba awe mama wa mtu mwingine.

Hakuwa yeye.

Saa kumi na mbili kasoro, mvua ingali inanyesha, polisi wakampigia. Mkulima mmoja, Kiunga, alikuwa ameteremka bondeni kuangalia shamba lake la nduma karibu na mto Kathita, akasikia mtu akiimba. Alimkuta mzee amezama kwenye matope hadi magotini, ameukumbatia mgomba, maji ya mto yakipanda hatua chache kutoka alipokuwa.

"Ningechelewa kidogo tu, dada," Kiunga akamwambia Angeline, "mto ungemchukua. Nimemtoa akiwa baridi kama jiwe."

Karambu alilazwa siku kumi na moja kwa homa ya mapafu. Siku tatu za kwanza madaktari hawakuahidi kitu. Kaka yake Angeline, Muriithi, alikuja kutoka Embu, na pale pembeni ya kitanda Angeline akamwambia kila kitu, hata lile neno alilolisema ukumbini. Muriithi alimfunika mama yao vizuri. Kisha akasema, "Ungesema ni mama yako, wangekucheka kwa dakika moja."

Angeline alilia hadi muuguzi akamtoa nje.

Mzee alipona, lakini hofu ilibaki mwilini mwake. Angeline akiinuka tu kutia chai kikombeni, mama yake humshika nguo na kulia, "Usiniache." Usingizi haumpati mpaka amshike mkono.

Mwezi wa nne kulikuwa na maonyesho Embu. Angeline alikwenda na mama yake, wameshikana mikono. Mlangoni akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Huyu ni mama yangu. Amepoteza kumbukumbu. Tafadhali mnisaidie kumwangalia." Wakaingia. Watu walikuwa wengi, mzee akaingiwa na woga, akaanza kulia. Angeline akamfunika kwa leso yake na kumtoa nje. Walikaa humo dakika tisa tu. Hakuona picha hata moja, na njiani kurudi Kanyakine, mama yake akisinzia begani mwake, hakuisikitikia hata moja.

FUNZO

Ndugu zangu, mzee anayepoteza kumbukumbu hatutii aibu. Aibu ni kumkana. Penda unachokipenda, iwe sanaa, biashara au siasa, lakini usimwache mzazi wako mlangoni kwa ajili ya sifa za watu wasiojua hata unakoishi. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, mwambie jirani, mwambie askari, mwambie kila mtu, ili akipotea kuwe na macho mengi ya kumtafuta. Weka picha yake kwenye simu. Jua leo amevaa nini. Angeline alimpata mama yake akiwa hai kwa sababu mtu wa shambani alisikia wimbo. Usingoje bahati kama hiyo.