Waliogawana Zaburi

"Chui Jike, unanipata?"

"Nakupata. Sema."

"Land Cruiser mbili nyeupe zimepita kizuizini hapa Namanyere. Ya wachuuzi wa dagaa imeshika njia ya Kipili. Ya padri inaelekea Kirando."

Bertilla, mpelelezi wa polisi, aliibana redio ya Motorola begani, pikipiki yake ya Honda XL ikiruka mashimo. "Huyo padri kasemaje?"

"Mpole kweli. Kasema anawahi kusoma Misa ya Ijumaa Kuu."

"Kasema Misa?"

"Misa, ndiyo."

Lo! Ridhiwani wa watu, askari wa kizuizini, mtoto wa Kiislamu wa pale mjini Sumbawanga, angejuaje?

"Ndugu yangu, leo hakuna Misa. Si Kirando, si Roma. Ni ibada ya Mateso tu. Padri gani asiyejua hilo? Niletee vijana Kirando, haraka!"

Akaongeza moto.

Mtu huyo alijiita Padri Maximilian. Alifika parokiani kule Pito baada ya Jumapili ya Matawi, mdomo asali, eti anachunguza zaburi. Akaomba kuona kile kitabu cha ngozi kilichoachwa na wamisionari wa kwanza: zaburi za Waebrania kwa Kigiriki, na pembezoni mafafanuzi ya mababa wa Kanisa. Akaondoka. Kitabu nacho kikaondoka. Ufunguo wa kabati alikuwa nao katekista Alois peke yake, na sasa mzee wa watu yuko mahabusu, anaitwa mwizi na wale wale aliowafundisha kufanya ishara ya msalaba.

Kitabu kikivuka ziwa, Alois atafia ndani.

Ghala la dagaa, Kirando. Land Cruiser nyeupe iko mlangoni, na boti yenye injini ya Yamaha imefungwa nje, tayari.

Bertilla akachomoa bastola yake ya Glock, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Haki ya Mungu, alitamani asingeona.

Kitabu kimelazwa juu ya gunia la dagaa. Maximilian kavua kola, kashika kisu cha kupasulia wagonjwa, anakata kurasa. Kando yake Lorenz, Mzungu mnunuzi wa vitu vya kale, anachekelea.

"Kizima kitatafutwa," Lorenz alisema. "Jani moja moja, nani atajua?"

"Hili lina picha. Nalitaka mimi."

"Hata mimi. Tulipigie kura."

Sarafu ikaruka juu.

Bertilla aliutambua ukurasa ule kwa picha yake. Zaburi ya ishirini na moja, kwa hesabu ya Wagiriki; katika Biblia zetu, ya ishirini na mbili. Alois aliwafungulia watoto wa parokia kila Ijumaa Kuu, tangu yeye yu binti mdogo. Humo Mwebrania analia kwamba adui zake wanagawana nguo zake kwa kura. Kilio kikatafsiriwa kwa Kigiriki. Wakristo walipokisoma, wakamsikia Yesu msalabani.

Na mafedhuli haya yanaurushia sarafu!

Akarudi nyuma hatua moja.

Teke moja. Mlango chini.

"Mikono juu!"

Lorenz akapeleka mkono kiunoni. Paa! Bastola yake ikaruka, naye akapiga yowe, ameshika vidole.

Maximilian akainua kisu juu ya kitabu. "Sogea uone! Nakichana chote!"

Bertilla hakusogea. Alilipiga teke gunia. Kitabu kikamtelezea miguuni, dagaa wakamwagika, na Maximilian akaanguka kifudifudi katikati yao. Pingu zikalia.

"Dada, tusameheane. Ngozi ya mbuzi tu hiyo."

"Mfyuu! Ungekuwa mwizi tu, ningekuelewa. Umevaa kanzu, ukala ugali wa mzee, ukamtupia kesi. Unanitia kinyaa."

Vijana wa Ridhiwani walipowazoa, Bertilla alipiga simu mahabusu. Akapewa mzee.

"Shikamoo, babu. Kitabu kimepatikana. Wanakufungulia sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Na ukurasa wa leo?"

"Wameukata, babu. Waliupigia kura."

Bertilla alitegemea kilio.

"Basi uje nao hivyo hivyo," Alois alisema. "Waligawana nguo tu, mwanangu. Mwenyewe hawakumweza."

Bertilla akauweka ukurasa ndani ya koti, akaipiga pikipiki kiki. Maximilian alimwita kutoka nyuma ya gari la polisi, akitaka maji ya kunawa uso. Hakugeuka.