Jina Lililo Chini ya Barua

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nane Machi 2022, saa nne na robo asubuhi, barua ilipodondoka mlangoni pa Khatib, huko Saltley, nchi ya Waingereza. Ilikuwa ya tatu kutoka hospitali, kumsogezea mbele mkewe Raisa siku ya kupasuliwa. Jirani aliwasomea juu juu, maana Kiingereza cha Khatib kilikuwa cha mdomoni tu, cha kiwandani. Siku kumi na mbili baadaye Raisa akafariki. Hakuna mkubwa aliyekuja hata kusema pole. Wakubwa ndivyo walivyo: karatasi wanatoa wao, maiti mnazika nyinyi.

Khatib alisahau kucheka mpaka Jumamosi moja dukani kwa Rupesh, Alum Rock, watu wamesongamana kama mkesha wa Idi. Mkono wake ulikutana na mkono wenye hina juu ya fungu la mwisho la muhogo.

"Niachie, bwana. Mwanamme peke yako, muhogo wote huo wa nini?"

"Nani kakwambia niko peke yangu?"

"Shati lako. Kifungo cha pili hakipo."

Aliitwa Mwanakhamis: buibui la zambarau, raba nyeupe, macho ya mtu asiyeshindwa ubishi. Waligawana muhogo. Wiki ya pili alimshonea kifungo. Wiki ya tatu simu zikawa haziishi.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Naangalia kalenda ya Raisa. Sijaifunua tangu ule mwezi wa tatu. Ina picha ya maporomoko ya Norway. Alisema akipona tutakwenda."

"Basi tukampelekee salamu. Lakini mie sisafiri na mwanamme asiyenioa. Tunamchukua Mama Annonciata."

Juni wakawa Norway, kwenye gari la kukodi, kilima huku, ziwa kule, nyumba zimeota majani mapaani, na theluji imekatalia vileleni kama mgeni asiyeaga. Maji yaliteremka kila upande, meupe, membamba, mengine yakiirushia barabara manyunyu.

"Khatib, enda polepole!" akapiga kelele Mama Annonciata, jirani wao Mkongo, kiti cha nyuma na ndizi zake. "Mi nilikuya kuona mayi, hapana kufa!"

Walipofika chini ya poromoko la kwenye kalenda, Khatib alitoa barua mfukoni.

"Nataka iende na maji. Lakini nisomee kwanza, neno kwa neno. Sijapata kuisikia yote."

Mwanakhamis alisoma, akifasiri taratibu. Kufika chini akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Imeisha?"

"Bado. Kwa niaba ya mkurugenzi. Mwanakhamis Suhail, karani."

Khatib alirudi nyuma kama aliyeungua. "Si ulinambia unafanya kazi kwa mawakili, Edgbaston?"

"Sasa. Wakati ule nilikuwa hospitali. Hilo nilikuficha, kwa vile unavyowalaani wakubwa wa kule. Lakini barua hii sikuijua, wallahi! Zilikuwa hamsini kwa siku. Majina yanashuka kutoka juu, mie napiga chapa. Nikiuliza nani kaamua, naambiwa nikae kimya."

Khatib alikwenda garini, akajibamiza kitini, akamweleza Mama Annonciata yote. Mama alitafuna ndizi mpaka mwisho.

"We unajua kusoma Kizungu?"

"Sijui."

"Basi asingesema, nani angekuambia?"

Khatib akashuka. Alimkuta Mwanakhamis palepale, mtandio umelowa, barua kaifumbata kifuani isilowe.

"Kwa nini hukuliruka jina lako?"

"Ulisema neno kwa neno."

Kicheko kilimtoka Khatib kikubwa, na machozi ndani yake, mpaka mlima ukamrudishia.

"Basi haitupwi hii. Tunaijibu! Lete kalamu, muhibu wangu."

Waliandika barua mbili juu ya boneti ya gari. Ya kwanza ya posa, ikapigwa picha na kutumwa kwa kaka yake Mwanakhamis, Unguja. Kaka alijibu kabla hawajafika kivukoni: "Mchukue, shemeji. Sisi mdomo wake umeshatushinda." Mama Annonciata akapiga vigelegele hadi kondoo wakaipisha gari.

Ndoa ilifungwa Julai. Usiku wake Khatib, kwa mkono wake mwenyewe, aliifunua kalenda, mwezi wa nne.

Barua ya pili ilikwenda hospitali, ina sahihi zao wote wawili na swali moja tu. Mpaka leo wakubwa hawajalijibu: ni nani, kwa jina lake, aliyeamua Raisa asubiri?