Alama ya Kidole Kwenye Utando

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alipitia karakana ya leza kumsubiri shangazi yake, fundi wa humo. Jina hilo alibandikwa kwa wembamba wake. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Sheria ilikuwa moja: usiguse.

Shangazi alipaka kioo utando mwembamba kuliko wa povu la sabuni. Mwanga uliingia ukingoni, ukatambaa ndani ya utando. Kisha aliupitishia mawimbi ya sauti ya juu mno, yasiyosikika kwa binadamu, na mwanga ukapinda njia kama mtu aliyepigwa kikumbo.

Siku hiyo shangazi alitoka kidogo. Sindano akaugusa utando, mara moja tu.

Msimamizi wa karakana alipowasha leza, mwanga ulitawanyika palepale penye alama ya kidole. Alipandwa na mori. Hakuuliza. Alimkaba mfagiaji, mzee waliyemwita Mjomba.

"Mikono yako ya ufagio hiyo!"

"Mimi humu sijaingia, bosi. Nilikuwa nadeki korido."

Kofi la kwanza lilimvua kofia. La pili lilimpasua mdomo; jino likadondoka sakafuni, damu ikalifuata. Msimamizi akanyakua fimbo ya chuma. Mafundi wengine mle ndani, watu wazima na ndevu zao, waliinamia meza kama viziwi.

Sindano aliitazama fimbo. Akisema, fimbo ni yake. Akinyamaza, mzee atauawa.

Fimbo ikashuka mbavuni. Mjomba akalia kama mtoto.

"Mwache!" Sindano alipiga kelele. "Ni mimi niliyegusa!"

Msimamizi alimgeukia, fimbo juu. Shangazi, aliyekuwa akiingia, aliudaka mkono ule akausokota mpaka fimbo ikaanguka.

"Mguse mwanangu uone!"

Hapo ndipo mafundi walipoinuka. Wakavua glavu, wakazima mashine, wakamburura msimamizi hadi getini. Mkurugenzi wa karakana alipoiona damu, alimfukuza kazi siku ileile.

Sindano alipiga magoti. "Nisamehe, Mjomba."

"Wewe umesema, mjukuu wangu," mzee alijibu, kitambaa mdomoni. "Hawa wenye ndevu je?"

Shangazi alimwinua Sindano.

"Kioo nitakiosha, nikipake utando mwingine. Jino la Mjomba nitalipaka nini? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako." Kisha akawageukia mafundi. "Na nyie, mkiona mnyonge anapigwa, msingoje mtoto awafundishe kufungua mdomo."