Mkunga Aliyekuja Siku ya Mafuriko

Binti wa kinyozi aliitwa Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Jioni moja alikuwa anafagia nywele kibandani kwa baba yake.

"Baba, mwalimu katuambia tuchague mtu wa zamani wa kuigwa, tumchunguze, kisha tusome mbele ya wazazi. Mimi nimemchagua Bibi Mkunga!"

Zahanati ya mtaa ilipewa jina la Bibi Mkunga. Kinyozi alizima mashine, mteja akabaki na kichwa nusu.

"Huyo ni wetu, mwanangu! Siku ya mafuriko makubwa alivuka maji ya kiunoni, akampokea mama yangu. Bibi yako alizaliwa mikononi mwake! Andika hivyo hivyo. Nitakuja na suti."

"Suti sawa," mteja akasema, "lakini nimalizie kichwa kwanza."

Kesho yake Kasuku alikwenda maktaba kutafuta picha tu. Akafungua kitabu cha historia ya mji. Akasoma, akarudia. Bibi Mkunga alifariki miaka miwili kabla ya mafuriko. Lo! Machozi yakamtoka.

Mkutubi, mama anayetunza vitabu pale, akamsogelea. "Kulikoni?"

"Nikisoma ya kitabu, namwaibisha baba mbele za watu. Nikisoma ya baba, nasema uongo. Bora niugue siku hiyo."

"Usiugue bure," mkutubi akacheka kwa upole. "Baba yako alikuwepo siku ya mafuriko?"

"Atakuwepoje? Hata mama yake ndio kwanza alikuwa anazaliwa!"

"Basi naye aliambiwa. Si mwongo. Habari ikipita midomo mingi hubadilika. Na kitabu nacho kimeandikwa na mtu, na mtu hukosea. Habari mbili zikipingana, tafuta ya tatu. Mtafute aliyeona kwa macho yake."

Kasuku akaenda kwanza zahanati. Jiwe la ukutani lilionyesha kuwa Bibi Mkunga alifariki mwaka ule ule uliotajwa kitabuni. Kisha akaenda kwa dada mkubwa wa marehemu bibi yake. Alimkuta anachambua mchele.

"Bibi Mkunga?" kikongwe akashangaa. "Thubutu! Alikwisha kufa. Aliyekuja ni mwanafunzi wake, msichana mbichi kabisa. Nilikuwa mtoto, nilimwona. Vifaa vyake aliviweka kwenye ndoo, kajitwika kichwani ili visilowe. Tukamwita Mama Ndoo. Aliogopa, masikini! Kila hatua alijisemea, 'Bibi Mkunga alisema ninawe mikono kwanza. Bibi Mkunga alisema nisiharakishe.' Watu wakalishika jina la Bibi Mkunga, la Mama Ndoo wakaliacha."

Siku ya kusoma ilifika. Kinyozi alikaa mstari wa mbele, suti imembana. Kasuku hakuwa amethubutu kumwambia kitu. Alisimama, akafungua daftari lake.

"Bibi Mkunga hakumpokea bibi yangu," alisoma. "Alikuwa amefariki. Lakini aliwafundisha wasichana wengi kazi yake. Mmoja wao alivuka maji, na bibi yangu akazaliwa salama. Ndiyo maana baba yangu yupo, na mimi nipo. Haya nimeyapata katika kitabu cha maktaba, kwenye jiwe la zahanati, na kwa dada yake bibi, aliyeyaona."

Watu walipiga makofi. Kinyozi hakupiga. Kasuku aliona mikono ya baba imetulia magotini, akaumia sana moyoni.

Njiani kurudi nyumbani, Kasuku alimshika baba mkono.

"Baba, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo," kinyozi akasema. "Maisha yangu yote namshukuru mtu mmoja tu. Na huyo aliyempokea mama yangu, hakuna aliyemwambia asante. Ana watoto?"

"Sijui, baba. Sikuuliza."

Kinyozi alilegeza tai. Mtu huyu hakuwahi kufunga kibanda, hata kwa homa.

"Kesho sifungui," akasema. "Tukawatafute."