Mapovu mu Matumbo ya Papa

Kwetu ku Kamalondo, siku ya Mungu kisha misa, tunakulaka bukari na samaki ya Kasenga. Siku ile papa yangu, Kunda, hakukula hata tonge moja. Tumbo ilivimba sawa ngoma. Na ku choo, damu!

—Ni upepo tu, mama alisema. Mwansa, leta poire!

Mwansa njo miye. Poire munaijua: kale kampira ka kupigia muntu lavement, dawa ya kupitishia ku matako. Kwetu mutoto akilia, lavement. Mukubwa akichoka, lavement. Mama alikuwa amekwisha kutwanga pilipili na tangawizi ya kutia mule.

—Mama Mwansa, unataka kuniua? papa alilalamika.

Pale pale jirani yetu Mama Bwalya, infirmière mwenye kutunza bagonjwa, aliingia. Alininyanganya poire mu mukono!

—Acheni! Tumbo yenye kuvimba na damu, hapana kupiga lavement. Matumbo inaweza kupasuka!

Siye bote na Bwalya tulikimbia ku hopitali. Balimupiga radio, ile foto ya mu tumbo. Eh bantu! Miye niko étudiante, nilisoma mingi, lakini kintu ya vile sikuonaka. Mu ngozi ya matumbo mulijaa mapovu, sawa ya sabuni!

—Ni hewa ilijifungia mule, munganga alisema. Ni maladi ya mara moja moja. Haina bulozi. Mbele ya kumupasula, tujaribu oxygène mu caisson.

Caisson! Tanki ya chuma, ya kutunza ba plongeurs, bale ba kuzama mu mayi ya barrage. Mama alijitupa chini:

—Banamuzika bwana yangu muzima!

—Tulia, mama, Bwalya alisema. Mule banakaza hewa, Papa anavuta oxygène safi. Inaingia mingi mu damu, na hewa ya mapovu inatoka pole pole. Papa, masikio ikiziba, umeze mate. Mafuta ku kichwa, hapana. Kiberiti, hapana! Mule kamoto kadogo tu, kila kintu inalipuka.

Papa alitoa kiberiti mu mufuko. Bwalya aliipokea, alinyoosha mukono tena. Papa alitoa ingine mu soksi! Mama alipiga makelele.

Papa aliingia mule kila asubui. Kisha, radio ingine: mapovu ilikwisha!

—Citoyen Kunda, munganga alisema, kisu tunaiacha. Lakini damu ikirudia, ukuye mbio.

Mama alilia, alicheka, alilia tena.

Jana jirani Mutale alikuya na mutoto mwenye tumbo ya kuvimba. Mama hakuuliza mingi. Alifunga kitambaa ku kichwa, alibeba mutoto ku mugongo.

—Twende ku dispensaire. Bingine utaniambia mu njia.