Karibu Tu, Hapo Mbele

Kila asubuhi ya likizo Vasiti alifagia uwanja, akawatupia kuku maganda ya muhogo, kisha akaenda dukani kununua mkate. Nyumba yao ilikuwa bondeni, pembeni mwa Suva, jiji letu la kisiwani, na chumba cha nyuma alikuwa amepanga mgeni kutoka Wellington, Anko Duncan. Alikuwa mrefu hata kila siku aligonga kichwa mlangoni, na kila siku alishangaa. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta, na bosi wake alikuwa ng'ambo ya bahari. Bibi Ulamila wa nyumba ya pili, kwa kuwa hakumwona akienda kazini, aliamini hana kazi. Jioni alimletea samaki wa nazi kwa kumhurumia, na Anko Duncan hakuwahi kukataa.

Siku moja mafundi walikata umeme ili wabadilishe nguzo. Anko Duncan alitoka chumbani mbio, akagonga kichwa, akashika paji la uso.

"Nimekwisha! Saa nne nina kikao na bosi. Leo ndiyo anaamua kama mkataba wangu unaendelea au nafungasha narudi kwetu. Na huku bondeni simu haishiki kitu!" Akamgeukia Vasiti. "Nasikia Laucala Bay, kule ufukoni, kuna ofisi wanakodisha meza, na intaneti ipo. Unajua basi la kwenda huko?"

Vasiti hakujua. Alijua basi la shule tu. Lakini kwetu Suva mgeni akiuliza njia haambiwi "sijui." Tunaona ni sawa na kumnyima maji ya kunywa. Tutamwelekeza kwa mkono, kwa kidevu, hata kwa nyusi, alimradi asiondoke mikono mitupu.

"Najua sana, Anko! Nitakupeleka mwenyewe."

Mama yake alikuwa anafua, povu limemfika viwikoni. "Vasiti, basi lenyewe unalijua kweli?"

"Nalijua, Mama."

"Una hakika?"

"Mama jamani! Nina hakika."

Walipofika stendi, mabasi yalikuwa yamejipanga yakinguruma. Vasiti aliyatazama yote, akachagua la buluu kwa sababu lilikuwa na muziki mzuri kuliko mengine. Anko Duncan alikaa amekunja magoti mpaka kidevuni, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Basi halijafika mbali, mvua ya Suva ikamwagika. Mabasi yetu mengi hayana vioo, kwa hiyo abiria wote walishusha maturubai madirishani. Ndani kukawa giza. Nje hapakuonekana hata nguzo.

"Sasa tutajuaje tumefika?" Anko Duncan akauliza.

Mama mmoja aliyebeba jogoo kapuni alidakia. "Mnakwenda wapi, kaka? Laucala Bay? Aa, karibu tu, hapo mbele!"

"Si mbele," akasema mzee wa kiti cha nyuma. "Tumeipita kidogo. Lakini karibu tu."

"Msiwe na wasiwasi," akasema kijana mwenye kofia. "Nikiwaamsha, shukeni." Kisha akalala yeye.

Anko Duncan aliwashukuru wote. Vasiti alianza kuingiwa na shaka, maana basi lilikuwa linapanda mlima, na yeye hakuwahi kusikia kwamba ufuko uko mlimani. Hata hivyo akaendelea kujifanya anaijua njia.

Hatimaye basi likasimama. Mzee Jagdish, dereva, akakunja turubai moja. Ng'ombe alikuwa amesimama nje, akawatazama.

"Mwisho wa safari!" akasema dereva. "Laucala Bay? Mwanangu, hapa ni Cunningham. Laucala Bay iko kule chini, baharini. Ungeniuliza pale stendi ningekuonyesha basi lake."

Anko Duncan akatazama saa, akafumba macho. "Basi tena. Hatuwahi."

"Labda... labda siku hizi basi limebadilisha njia," Vasiti akaanza. Kisha akaona Anko Duncan bado ameikumbatia kompyuta, na uongo ukamshinda. Akalia. "Hapana, Anko. Sikujua. Tangu nyumbani sikujua. Niliona aibu kukwambia. Nisamehe."

Mama wa jogoo akageukia upande mwingine, na mzee wa kiti cha nyuma akakohoa kidogo.

"Sasa msilie," akasema Mzee Jagdish. "Hapa juu simu inashika vizuri sana. Kaeni, mimi nakunywa chai yangu kabla sijageuza gari."

Anko Duncan akaunganisha simu na kompyuta, na saa nne kamili uso wa bosi ukatokea kwenye kioo. Ulikuwa uso mkavu.

"Duncan, uko ofisini?"

Kabla hajajibu, jogoo akawika.

"Hiyo ni nini?" akauliza bosi.

Anko Duncan akafungua kinywa. Ungeona wazi kwamba alikuwa na jibu tayari. Kisha akamtazama Vasiti, aliyekuwa bado anajifuta machozi.

"Ni jogoo, bosi. Niko ndani ya basi mlimani. Nimepotea. Aliyenileta amekiri hakujua njia, nami siwezi kudanganya mbele yake."

Bosi akaanza kucheka. "Wiki hii watu watatu wameniambia wako ofisini, na nyuma yao nikasikia mawimbi! Haya, wewe wa jogoo, nionyeshe kazi yako."

Akaonyesha, huku abiria, waliosahau kushuka, wakichungulia juu ya mabega yake na kuitikia kwa vichwa kana kwamba wanaelewa. Bosi aliposema mkataba unaendelea, basi zima likashangilia. "Bula, bosi!" wakamsalimu kwa lugha yetu, wakipunga mikono. Hata kijana mwenye kofia akaamka, akauliza kama wamefika.

Jioni Mama alisikiliza habari yote bila kumkatiza Vasiti.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Ulipomdanganya mgeni, haikuwa kwa kumheshimu. Ulitaka uonekane unajua. Mgeni ukimwambia 'sijui, twende tukaulize,' hujamnyima kitu. Ukimpeleka asikokwenda, umemnyima hata pale alipokuwa. Kuuliza si ujinga, mwanangu."

"Nimeelewa, Mama."

Mara Bibi Ulamila akaingia na bakuli lake la samaki. Akamtazama Anko Duncan, akashusha sauti. "Nasikia maskini kapata kazi leo. Kazi gani hasa?"

Wote wakamgeukia Vasiti. Alivuta pumzi, kifua mbele, tayari kueleza. Kisha akatabasamu.

"Sijui, Bibi. Tumuulize mwenyewe."